Kipozeo kipya cha kadi ya grafiki kwenye kasha lililobana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mezani hapa Dar, kasha lake limebana, kadi ya grafiki inachemka, feni zinapiga kelele, na sasa anataka kung'oa kipozeo cha kiwandani aweke kingine. Maswali yenyewe ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa wacheza gemu, wahariri wa video na wenye mabanda ya gemu. Msimamo wangu ni huu: ndani ya kasha dogo, nafasi ya kadi kuvuta hewa ina thamani kuliko ukubwa wa kipozeo. Asiyezingatia hilo hununua chuma kikubwa na kukizamisha kwenye hewa ya moto.

## Kabla hujatoa hela

Kipozeo cha kadi ya grafiki kina nini, na nikinunua kingine nabadilisha kipi?

Kipozeo cha kiwandani kina bamba linalogusa chipu, mirija ya shaba inayobeba joto kulipeleka kwenye mapezi ya alumini, na feni zilizoshikiliwa na kava la plastiki. Kipozeo cha kununua pembeni huchukua nafasi ya vyote hivyo. Ipo pia njia ya nusu: unavua kava na feni tu, mapezi yanabaki. Njia hiyo nimeieleza kwenye swali "Hewa, maji, au kuvua kava?" na kwa makasha mengi madogo ndiyo ninayoipendekeza.

Kipozeo cha kiwandani hakipozi chipu peke yake. Memori zinazoizunguka chipu, pamoja na mosfeti zinazosimamia umeme, mara nyingi nazo hugusana nacho kupitia pedi laini. Ukiking'oa, vyote hivyo vinabaki wazi na lazima uvitafutie namna.

Kadi yangu inafika nyuzi 84 nikicheza. Inaungua?

Haiungui. Kadi nyingi za Nvidia zimepangwa kuanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 83 au 84, na kikomo chenyewe kiko juu zaidi. Kwa RTX 3060 ni nyuzi 93. AMD huonyesha pia hotispoti, yaani sehemu ya chipu yenye joto kali kuliko nyingine zote, na kwenye familia ya RX 5700 kikomo chake ni nyuzi 110. Kwa hiyo 84 haiui kadi. Inachokuibia ni kasi, na inakuachia kelele.

Tatizo halisi lina dalili zake: gemu inaanza vizuri halafu baada ya dakika kumi inaanza kukwama, feni ziko asilimia 100 muda wote, au skrini inazimika ghafla. Pakua GPU-Z au HWiNFO64, zote za bure, uangalie joto la chipu, hotispoti, joto la memori kama kadi yako inalionyesha, na kasi ya chipu. Kasi ikishuka kila joto linapopanda, hapo una sababu ya kushughulika.

Kwa nini wengine kwa kadi hiihii wanapata nyuzi 65 na mimi napata 78?

Kwa sababu hakuna kipozeo cha feni kinachoweza kuipoza chipu ikawa chini ya joto la hewa kinayoivuta. Wanaopima kadi huko Ulaya hupimia kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Tabata mwezi Januari, bila kiyoyozi, kina nyuzi 31 au 32. Hiyo tofauti ya nyuzi kumi inahamia kwenye kadi yako karibu yote ilivyo. Kipozeo kilichosifiwa kwa nyuzi 68 kule, hapa kitakupa 78 na hakina kosa lolote.

Halafu kuna kasha lenyewe. Kadi haivuti hewa ya chumbani, inavuta hewa iliyomo ndani ya kasha, na kwenye kasha lililobana hewa hiyo inaweza kupita nyuzi 40. Kipimo chake hakina gharama: cheza nusu saa kasha likiwa limefungwa, andika joto. Kisha toa bamba la ubavuni, cheza tena gemu ileile nusu saa. Joto likishuka nyuzi mbili tatu, kasha linapumua vizuri na kipozeo ndicho cha kuangalia. Likishuka nyuzi nane au zaidi, tatizo ni kasha, na kipozeo cha bei mbaya hakitakusaidia mpaka hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Fanya kipimo hiki kabla ya kusoma swali lingine lolote hapa chini.

Kubadilisha pesti (uji wa kupitisha joto kati ya chipu na kipozeo) tu hakutoshi?

Kwa kadi ya mtumba, mara nyingi kunatosha. Kadi ya GTX 1060 au RX 580 iliyofika Kariakoo baada ya miaka kadhaa ya kazi nchi nyingine, pesti yake imekauka ikawa kama unga, na katikati ya mapezi kuna vumbi lililoshikana kama kitambaa. Isafishe, weka pesti mpya, badilisha pedi zilizochanika, kisha ipime tena. Kazi hiyo ni ya jioni moja na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kipozeo kipya. Jinsi ya kupaka iko kwenye swali la pesti.

Nina kompyuta ndogo ya ofisini, Dell OptiPlex SFF (ile ya kasha dogo) au HP inayofanana nayo. Kipozeo gani kitaingia?

Hakuna cha kununua pembeni kinachoingia vizuri humo. Makasha hayo hupokea kadi za kimo kifupi tu, na nafasi iliyopo inatosha kipozeo kilichokuja na kadi, basi. Isitoshe pawasaplai ya OptiPlex 7010 SFF ni ya wati 240, kwa hiyo kadi zinazofaa humo ni zile zinazokula umeme wa sloti (tundu la madabodi kadi inapochomekwa) pekee, ambao mwisho wake ni wati 75: GTX 1650 ya kimo kifupi, RX 6400, na za aina hiyo. Kadi hizi joto lake linashughulikiwa kwa pesti mpya, usafi, na kupunguza volti.

Ukiwa na OptiPlex ya mnara, ile MT, una nafasi zaidi, ila pima kwanza umbali wa kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski. Hapo ndipo kadi ndefu hugota.

## Vipimo

Nipime nini kabla ya kununua?

Urefu, kimo na unene, kwa rula ya chuma, kasha likiwa wazi na kadi ikiwa mahali pake. Usitegemee maelezo ya tangazo la kasha, kwa sababu "inapokea kadi ya milimita 300" haisemi lolote kuhusu feni ya mbele uliyoongeza.

Urefu ni kutoka bamba la nyuma la kasha hadi kitu cha kwanza mbele: feni, kizimba cha diski, au fungu la nyaya. Arctic Accelero Xtreme IV, mojawapo ya vipozeo vilivyojulikana sana, ina urefu wa karibu milimita 288, wakati kadi nyingi za daraja la kati zenyewe ni milimita 230 au 240. Maana yake kipozeo kinapita mwisho wa kadi na kuning'inia.

Kimo ndicho kinachosahaulika zaidi. Ni umbali wa kutoka ukingo wa juu wa kadi hadi bamba la ubavuni. Mirija ya vipozeo vingi hujitokeza nje ya ukingo huo, na plagi ya umeme ya pini 8 nayo inataka nafasi ya waya wake kupinda. Acha angalau milimita 30 juu ya plagi. Waya uliobanwa na ubavu wa kasha unaisukuma plagi upande kila siku, na plagi iliyolegea hupata moto.

Unene ndio unaoamua kesi nyingi. Sloti moja ya upanuzi ni milimita 20.32. Kadi ya sloti mbili inakula takriban milimita 40. Sasa chukua Raijintek Morpheus: mapezi yake ni milimita 254 kwa 98, unene 44, bila feni. Ukifunga feni za kawaida za milimita 25, unafika 69, ambazo ni sloti tatu na nusu, na kiuhalisia unapoteza nne. Ukifunga feni nyembamba za milimita 15, kama Noctua NF-A12x15 au Arctic P12 Slim, unashuka hadi 59, sloti tatu. Kwenye kasha dogo hizo milimita 10 ndizo zinazoamua kama mfuniko utafunga au la.

Niache nafasi kiasi gani kati ya feni na kitu kilicho chini yake?

Milimita 20 ni kiwango ninachokishikilia, yaani sloti moja tupu. Ukishuka chini ya 10, feni inaanza kuvuma kwa sauti ya kukwaruza na hewa inapungua waziwazi. Feni inayobakiwa na milimita 5 juu ya kava la pawasaplai inazungusha hewa ileile iliyotoka kwenye mapezi.

Hii ndiyo sababu kipozeo cha sloti mbili na nusu chenye nafasi chini yake mara nyingi hukishinda cha sloti tatu na nusu kilichogusa sakafu ya kasha. Ila kama sakafu ya kasha ina matundu chini ya kadi na kasha lina miguu mirefu, feni ikikaribia matundu hayo ni faida: inavuta hewa ya chumbani moja kwa moja.

Nitajuaje kama mashimo ya kipozeo yatalingana na kadi yangu?

Ng'oa kipozeo cha sasa na upime umbali wa katikati ya mashimo manne yaliyoizunguka chipu, kutoka shimo hadi shimo la jirani, si ya mshazari. RX 480 na RX 580 nyingi ni milimita 53.3. GTX 1070 na 1080 nyingi ni 58.4. Kadi ndogo za wati chache huwa na nafasi finyu zaidi.

Jina la kadi lisikudanganye. Watengenezaji kama ASUS, Gigabyte na MSI huchora bodi zao wenyewe, na chipu ileile inaweza kukaa kwenye bodi yenye kapasita ndefu mahali ambapo kipozeo chako kinataka kupita. Tafuta picha ya bodi iliyo uchi ya kadi yako hasa, kwa namba yake kamili iliyoandikwa kwenye stika ya nyuma, uilinganishe na picha ya chini ya kipozeo.

Wati za kipozeo nizisomeje?

Kama mpaka wa juu, katika mazingira mazuri kuliko yako. Kipozeo kilichoandikwa wati 250 kichukulie kuwa cha 180 kwenye kasha dogo la Dar. Jua kadi yako inakula ngapi: GTX 1650 ni 75, GTX 1660 Super ni 125, RTX 3060 ni 170, RX 580 ni 185, RTX 3070 ni 220. Ukifika kwenye wati 220 ndani ya kasha lililobana, kabla ya chuma fikiria kasha lingine.

## Kuchagua aina

Hewa, maji, au kuvua kava?

Nianze na lile ninaloliona linafaa wengi. Kuvua kava ni hivi: unafungua skrubu zinazoshika kava la plastiki na feni zake, unayaacha mapezi ya kiwandani yakiwa bado yamefungwa kwenye chipu, kisha unaweka juu yake feni mbili za kasha, za milimita 92 au 120, na kuzikaza kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya. Chipu haiguswi. Memori na mosfeti zinabaki na pedi zake. Feni za kiwandani huwa nyembamba na ndogo, zinazunguka mbio kupata hewa inayotosha. Feni ya 120 inasukuma hewa hiyohiyo kwa mzunguko wa chini na kelele kidogo. Kadi yenye mapezi mazuri lakini feni mbovu, hasa ile ambayo feni moja imeanza kukwaruza, inapata uhai mpya hivi. Na feni za 120 zinapatikana Kariakoo siku yoyote ya kazi, jambo lisilowezekana kwa vipozeo maalum.

Kabla ya kufunga kamba, weka feni juu ya mapezi kwa mkono na uangalie kama kuna mrija au kona ya chuma inayogusa panga. Zungusha kwa kidole. Ikigusa hata kidogo, weka kipande cha sponji ngumu kwenye pembe za feni. Hakikisha pia upepo unaelekea kwenye mapezi: hewa hutoka upande wenye mikono inayoshikilia mota.

Kipozeo kamili cha hewa kinafaa pale mapezi ya kiwandani yenyewe ni duni, kama zile kadi za bei ndogo zenye kipande cha alumini bila mrija hata mmoja, na una sloti tatu za kupoteza. Ujue tu kwamba soko lake limesinyaa. Vingi vya vipozeo hivi vilibuniwa kwa kadi za muongo uliopita. Morpheus ya kwanza ilitoka mwaka 2014. Kadi ya karibuni inaweza isiwemo kwenye orodha kabisa.

Maji nimeyapa swali lake hapa chini.

Kipozeo cha maji si kinaokoa nafasi?

Kinaihamisha. Chini ya kadi panapungua unene, lakini rejeta, ile sehemu yenye mapezi inayopoza maji, inataka mahali. Rejeta ya kawaida ya milimita 120 ina unene wa karibu 27, na feni yake 25, jumla 52, ukutani au juu ya kasha. Kwenye kasha ambalo tayari feni ya nyuma inabanana na kipozeo cha prosesa, huo ukuta uko wapi? Mirija ya mpira nayo haipindi kama waya.

Ikiwa una nafasi hiyo, ni njia nzuri kweli, kwa sababu joto linatupwa nje badala ya kuzunguka ndani. Braketi kama NZXT Kraken G12 hushika pampu ya kipozeo cha maji cha prosesa juu ya chipu ya kadi, na ina feni ya milimita 92 ya kupepea memori na mosfeti. Zingatia hilo la memori: pampu inapoza chipu tu. Angalia pia pampu za aina gani zinakubaliwa na braketi, kwa sababu haishiki za mraba.

Kadi ya blowa, ile inayotupa hewa nyuma, haifai zaidi kwa kasha dogo?

Kimantiki ndiyo. Blowa hutoa sehemu kubwa ya hewa ya moto nje kupitia bamba la nyuma, haiachi joto ndani. Kwa kasha lisilo na feni hata moja, inaishinda kadi ya feni mbili. Ubaya wake ni kelele, na kwa joto la hapa kelele hiyo haipungui. Ukiwa na blowa tayari na chumba si cha kulala, ibakishe, isafishe, badilisha pesti.

Vipozeo visivyo na feni je?

Kwa Dar na kasha lililobana, hapana. Vinategemea hewa ya moto kupanda yenyewe kutoka kwenye mapezi na ya baridi kuchukua nafasi yake, na wewe hewa hiyo ya baridi huna. Kadi ya wati 30 kama GT 1030 tu ndiyo inayovumilia.

Kuna njia ya kupunguza joto bila kununua kitu?

Ipo, na ningeanza nayo. MSI Afterburner ina kidude cha kushusha kikomo cha umeme. Kadi nyingi ukizishusha hadi asilimia 80 hupoteza kasi kidogo kuliko unavyotegemea, kwa sababu wati za mwisho ndizo zinazozaa joto jingi kwa faida ndogo. Kupunguza volti kwa kasi ileile ni bora zaidi, ila kunataka uvumilivu: shusha kidogo, cheza siku mbili, ikitulia shusha tena. Kadi ya wati 170 inayofanya kazi kwa 130 ni wati 40 ambazo hakuna feni inayohitaji kuzitoa.

## Kufunga

Memori na mosfeti nizipoze vipi nikiweka kipozeo kipya?

Vipozeo kamili huja na vipande vidogo vya alumini vya kubandika juu ya kila memori. Safisha memori kwa alkoholi ya isopropili, acha ikauke, bandika na ukandamize kila kimoja. Gundi dhaifu ni ugonjwa wa kweli kwenye joto letu: kipande kinachodondoka kinaweza kutua juu ya sakiti ya madabodi na kusababisha shoti. Kadi ikilala kama kawaida, chipu huangalia chini, kwa hiyo vipande vyote vinaning'inia. Vijaribu kwa kuvuta kidogo kwa kidole kabla ya kufunga kasha.

Kadi zenye memori za GDDR6X, kama RTX 3080, siziwekei vipande vidogo hivi. Memori zake ni za moto, hujipunguza kasi zikifika nyuzi 110, na zinahitaji bamba zima. Hapo vua kava tu.

Pesti kiasi gani?

Chipu ya kadi ya grafiki haina kofia ya chuma kama prosesa, kwa hiyo kona isiyopata pesti inachemka peke yake. Paka iifunike yote, safu nyembamba. Arctic MX-4 au MX-6 zinatosha. Kaza skrubu nne kwa mshazari, mzunguko mmoja mmoja, kwa bisibisi ya mkono. Drili ya skrubu inaweza kuivunja kona ya chipu.

Nyaya za feni nichomeke wapi?

Una njia mbili. Kadi nyingi zina tundu dogo la pini 4, dogo kuliko la madabodi, na kuna waya wa kugeuza unaounganisha feni za kawaida za PWM (za pini 4, zinazobadilishwa kasi) humo. Ukifanya hivyo kadi inaendelea kuziendesha feni yenyewe. Usipoupata waya huo, chomeka kwenye madabodi na utumie programu ya FanControl, ya bure, kuziambia feni zifuate joto la kadi. Madabodi peke yake hufuata joto la prosesa, na gemu nyingi huchemsha kadi wakati prosesa imetulia.

Tundu moja la madabodi kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni mbili za kawaida hazifiki hapo. Soma stika ya feni ujumlishe.

Kadi imeinama baada ya kufunga. Kuna shida?

Ipo. Uzito huo unavuta sloti na kuipinda bodi. Weka kitegemezi chini ya mwisho wa kadi, hata kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kwa kipimo. Ukibeba kompyuta kwa bajaji au mwendokasi kwenda kwa fundi, ng'oa kadi kwanza.

## Mambo ya hapa kwetu

Vipozeo hivi vinapatikana Dar?

Feni, pesti, pedi na kamba za plastiki vinapatikana kwenye maduka ya kompyuta Kariakoo na Posta. Vipozeo kamili na braketi za maji mara nyingi ni vya kuagiza, na hapo jumlisha nauli, kodi na muda kabla ya kulinganisha bei. Ukinunua pedi, nenda na ile ya zamani: unene wa milimita 1 na 1.5 ni vitu viwili tofauti kabisa. Pedi nene kupita kiasi inainua kipozeo kutoka kwenye chipu.

Naishi karibu na bahari. Chumvi ina madhara?

Ina. Kunduchi, Kigamboni, Msasani, hewa ya chumvi na unyevu hula skrubu, ncha za pini na mapezi yasiyopakwa nikeli. Chagua kipozeo chenye nikeli kama bei inaruhusu. Kompyuta inayotumika kila siku hupata kutu kidogo kuliko inayokaa miezi imezimwa, kwa kuwa joto lake linakausha unyevu.

Kwa wa barabara za vumbi, Goba au Mbagala ndani, chujio la wavu mbele ya feni za kuingiza hewa ni lazima. Lisafishe kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Ukipuliza vumbi kwa mashine ya upepo, shikilia panga za feni zisizunguke.

Umeme ukikatika katikati ya gemu, feni zinasimama kadi ikiwa ya moto. Si itaharibika?

Kadi inaacha kuzalisha joto sekunde hiyohiyo. Joto lililobaki linasambaa kwenye mapezi na kupoa lenyewe, hata kwa kipozeo cha maji. Hatari iko pale umeme unaporudi kwa kishindo, na dawa yake ni UPS au angalau kilinda umeme, si kipozeo.

## Yakikwama

Chipu iko nyuzi 66 lakini hotispoti ni 102. Nini hiki?

Kipozeo hakijakaa sawa. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikipita 30, upande mmoja wa chipu haugusani vizuri. Fungua, angalia alama ya pesti ilivyotandazika, chunguza kama pedi fulani ni nene mno, rudia.

Joto la chipu limeshuka sana ila kompyuta inazimika kwenye gemu nzito.

Shuku mosfeti kwanza. Kipozeo kipya kimeondoa upepo uliokuwa unazipitia. Elekeza feni ndogo pale, cheza tena. Ikiendelea kuzimika, geukia pawasaplai.

Feni hazizunguki nikiwasha.

Kadi nyingi za sasa husimamisha feni mpaka chipu ifike nyuzi 50 au 60. Endesha gemu dakika tano uone. Zikibaki kimya joto likipita 70, zima, kagua nyaya.

Waranti inakufa?

Uliza duka kabla ya kugusa skrubu, kwa sababu baadhi ya wauzaji huangalia stika iliyopachikwa juu yake. Kwa kadi mpya, ningebaki na njia zisizofungua kitu: hewa ya kasha na kupunguza volti.

Kipozeo cha zamani nikitupe?

Usikitupe. Kitie kwenye mfuko pamoja na skrubu na springi zake zote, pedi zikiwa mahali pake, na uandike jina kamili la kadi kwenye karatasi ndani ya mfuko. Mnunuzi wa kadi ya mtumba atauliza kipozeo chake halisi, na vipozeo vya pembeni ukivihamishia kwenye kadi nyingine, hii itahitaji kile cha kwanza ili iuzike.